Marehemu Mzee Idris Kimaiyo na Moyo Alioshindana Nao (1911–1959)

Jamaa, majirani na wafanyakazi wa reli mliofika, Waislamu kwa Wakristo, familia inawasomea maisha ya Mzee Idris Kimaiyo, aliyezaliwa mwaka 1911 karibu na Eldama Ravine, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1929 akaandikwa kazi katika karakana ya reli hapa Nakuru.

Mwaka 1933 alisilimu mikononi mwa maalimu wa mtaa wa Bondeni, aliyemfundisha kwamba nafsi ya mtu huanza kwa kuamrisha maovu, ikitibiwa hujilaumu, na mwisho, kwa wachache, hutulia mbele ya Mola wake, naye marehemu akalishika somo hilo kwa bidii, akifunga, akinyamaza alipotukanwa, hata wenzake wakadhani ameshafika.

Mwaka 1935 alimwoa Wariara binti Thuo, wakajaliwa Zainabu mwaka 1937 na Yusufu mwaka 1941. Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliwapanga uwanjani watu wa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mtu aliyefunikwa gunia usoni akapita akichagua wa kukamatwa, na mkono uliomnyooshea Wariara ulikuwa umepungukiwa vidole viwili, mkono wa Micah, mwenzake wa karakana, ambao marehemu mwenyewe aliufunga kitambaa siku behewa lilipouponda. Wariara alifariki kizuizini Januari 1956, na familia haikuonyeshwa kaburi.

Tangu hapo marehemu aliacha kuwaongoza wenzake katika sala.

"Nikisujudu namuua Micah," alimwambia maalimu, "nikiinuka namuua tena."

Maalimu akamjibu, "Usingoje moyo usafike ndipo utende, Idris. Anza na mikono."

Mwaka 1957 Micah alipougua kifua kikuu na watu wa landhi wakamkwepa, Mzee Kimaiyo alimpelekea uji, akamwogesha, akafua matandiko yake yenye damu, bila kumsemesha neno. Micah alipona. Mwaka uliofuata marehemu akaanza kukohoa, akalazwa hospitalini, dawa zikashindwa, na Zainabu akamuuliza kama amemsamehe yule mtu.

"Mikono imemsamehe, mwanangu," alisema. "Moyo bado nauvuta, na nguvu zimeniishia."

Aligeukia ukutani akalia, na siku ya Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1959, alasiri, akaaga dunia.

Micah, aliye hapa kati yetu, ndiye aliyeiambia familia isiruke lolote katika haya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, wenzake wa karakana, maalimu, na wote waliochimba kaburi asubuhi ya leo, Micah akiwa mmoja wao, ambaye Zainabu ameipokea salamu yake, na Yusufu bado.

Baba, kazi umeiacha njiani, Mwenyezi Mungu akukamilishie, ulale salama.