Kitabu Kilichomchekesha Papa Edmond

Ijumaa usiku, katika mtaa wetu wa Ruashi, mtu alicheka. Mara moja tu. Hakikuwa kicheko cha walevi wanaorudi nyumbani, wala cha watoto chini ya blanketi. Kilikuwa kifupi, kizito, kimetoka kifuani kama mlango uliokwama muda mrefu, kisha kimya. Nilikaa kitandani nikisikiliza. Chumba changu na nyumba ya Papa Edmond vinagawana ukuta mmoja, na kwa miaka sita sikuwahi kusikia kicheko upande ule.

Asubuhi, nilipofika kijiweni, wote walikuwa na habari. Kijiwe chetu ni mataruma mawili ya zamani, yale magogo mazito yanayolazwa chini ya reli, yamewekwa juu ya matofali kando ya meza ya Mama Germaine, anayeuza kahawa na mikate ya kukaanga. Ilikuwa Juni, baridi kavu, vumbi la malori ya mgodi limetulia kwa umande, na kila mtu ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hapa hatuulizani habari ya asubuhi. Tunaulizana ukurasa. Papa Edmond mwenyewe alianzisha desturi hiyo alipostaafu kazi ya treni, wakati alipokuwa msomaji kutupita sote. Lakini tangu binti yake alipofariki kwa ajali kwenye barabara ya Kasomeno, swali linamruka. Tunamuuliza huyu, tunamuuliza yule, yeye tunampa kikombe chake tu.

Na jina la binti hatulitaji. Yeye hajalitamka tangu siku ya maziko, nasi tumelimeza pamoja naye. Kila Juni mkewe, Mama Nkandu, humtuma parokiani kuandikisha misa ya kumbukumbu. «Mimi nilimuzaa,» humwambia, «wewe utamutaja.» Papa Edmond huvaa koti, huenda, husimama mbele ya sekretari. Anaulizwa jina la marehemu. Ulimi unakufa. Mwishoni anasema, andika tu «marehemu wa familia». Hivyo ndivyo padri anavyosoma kila mwaka, mbele ya watu wote, na Mama Nkandu hurudi nyumbani peke yake, upande mwingine wa barabara. Mwaka huu misa ilikuwa kesho yake, Jumapili, na orodha ilikuwa ifungwe asubuhi ile ile, saa tatu.

— Mi nilisikia na masikio yangu, alisema Mama Germaine akimimina kahawa. Muntu anacheka peke yake usiku, iko na sababu.

— Iko na kitabu, alisema Mwalimu Chilufya. Taa yake ilikuwa inawaka mpaka saa nane.

Mwalimu Chilufya tunamwita Diksionere, kwa kuwa mwaka wa pili huu anasoma kamusi ya Kifaransa, neno kwa neno, kutoka mwanzo.

— Weye paje ngapi? nilimuuliza.

— Niko mu M. Nilikuwa naogopa M, bananiambia iko ndefu. Kumbe iko tamu! Jana nilikuta neno moja, nikafunga kitabu, nikatoka inje, nikaangalia miti. Neno moja tu. Njo maana nasema, muzee naye alikuta neno.

— Neno haichekeshe muntu hivyo, alikata Elisée.

Elisée ni mfanyabiashara kutoka Butembo, anauza maharage kwa jumla, na kwa unene wa magunia yake tulimpa jina Kilo Mia. Anasoma kitabu cha ufugaji wa nyuki, ingawa hana mzinga hata mmoja.

— Basi sema weye, Kilo Mia.

— Mzee anasoma oreri ya zamani ya treni. Saa zote ziko pale ndani. Treni ya saa mbili na dakika kumi na saba, ya Kamina. Dakika kumi na saba! Mwenye kusoma ile leo, atafanya nini kama si kucheka?

Tulitabasamu. Mama Germaine hakutabasamu.

— Munacheza. Mi naona ingine. Kuna kitabu moja kwenye majina yetu yote imeandikwa, na siku yetu. Muzee amefungua, ameona yake. Muntu akiona siku yake, hataogopa tena. Atacheka.

— Mama Germaine, na ile kahawa umetia nini? aliuliza Elisée.

— Mi kila kitabu naanzaka ku paje ya mwisho, alisema bila kumjibu. Minapenda kujua nani atakufa, kabla ya kumupenda. Hii niko nasoma sasa, yule mwanamuke wa duka anakufa. Nilijua tangu mwanzo. Na bado nimemupenda, unaona? Haikusaidie kitu.

Elisée alinyoosha kikombe chake aongezewe.

Mwishoni mwa taruma la pili alikuwa amekaa mgeni, Bénie, muuguzi aliyehamia juma lile kutoka upande wa Annexe. Alikuwa amepitia mkate kabla ya zamu yake, akacheleweshwa na maneno.

— Na weye, mama kidogo? aliuliza Diksionere. Hapa hakuna muntu anakunywa bila kusema anasoma nini.

— Mi? Alicheka kwa aibu. Kitabu ya mapishi. Iko na samaki ya bahari, iko na majani sijaone hata siku moja. Sitapika hata kintu moja. Lakini usiku nikitoka kazi, nimechoka, nasoma namna banakata kitunguu polepole, banatia mafuta, banangojea. Ninashiba.

— Paje ngapi?

— Makumi ine na tatu. Supu.

— Karibu ku kijiwe, alisema Elisée kwa heshima ya kweli.

Ndipo tukamwona Papa Edmond akitoka nyumbani. Alikuwa amevaa koti lake la buluu la reli, limepigwa pasi, na chini ya kwapa alikuwa na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Mama Nkandu alisimama mlangoni nyuma yake, mikono ndani ya kitenge, akimwangalia anavyokwenda. Tulijua anakokwenda. Tulisogea, tukamwachia nafasi, naye akakaa. Mama Germaine alimpa kikombe.

— Papa, jambo yenu.

— Jambo, bantu yangu.

Kisha Diksionere, kwa mazoea ya mdomo, bila kufikiri, akasema:

— Papa, paje ngapi?

Nikaona Elisée akifumba macho. Mwalimu mwenyewe alitaka kulirudisha swali lake, lakini lilikuwa limekwisha kufika. Papa Edmond alikunywa kidogo. Akaweka kikombe chini.

— Mia moja kumi na mbili, alisema.

Mama Germaine alishika ukingo wa meza.

— Munasoma, papa?

— Usiku nilikuwa natafuta blanketi. Mama alisema iko mu katoni, chini ya kitanda. Nikafungua katoni. Kumbe haikuwe ile.

Alifungua karatasi ya saruji taratibu, mkunjo kwa mkunjo. Kilikuwa kitabu kidogo cha hadithi, jalada limefifia, pembe zimekunjwa kama masikio ya mbwa. Hatukuuliza katoni ilikuwa ya nani. Alivaa miwani yake, na sauti yake, ambayo miaka sita ilikuwa ikitupa maneno mawili matatu kwa siku, ilianza kutembea.

— Iko chef de gare moja, mukubwa wa stesheni, mu gare kadogo kwenye treni inasimamaka mara moja kwa juma. Kila asubuhi anavaa kofia. Anachana masharubu. Anapiga kengele ku saa yake, hata kama hakuna kintu inakuja. Na macho yake imeshakufa, lakini miwani anakatala. Anasema, miwani ni ya bantu ba posta.

— Muntu wa kweli huyo, alisema Elisée.

— Ngoja. Siku moja asubuhi, ukungu iko mingi. Anasikia kintu inapumua ku reli. Anasema, treni imefika mbele ya saa! Anakimbia, anasimama sawasawa, anainua bendera ya kijani, anapiga saluti. Ng'ombe inapita.

Diksionere alitema kahawa. Elisée alijipiga paja.

— Na ng'ombe ilifanya nini, papa?

— Ilienda. Ilipewa ruhusa!

Tulicheka, na kicheko chetu kilikuwa na kitu cha woga ndani yake, kama watu wanaotembea juu ya sakafu mpya wasiyoiamini. Elisée ndiye aliyethubutu.

— Kumbe, papa, ile siku munaisalimia pikipiki yangu na mimi sikuwa juu yake...

— Nyamaza weye na nyuki zako zisizokuwako.

Alikuwa anatania. Papa Edmond alikuwa anatania. Niliangalia ng'ambo ya barabara: Mama Nkandu alikuwa bado mlangoni.

— Sasa, kando ya ile ng'ombe, alisema Papa Edmond, muntu aliandika na kreyo. Kadogo, kadogo. Nilisogeza taa.

Alileta ukurasa karibu na macho, akasoma polepole, kidole chini ya kila neno:

— «Huyu iko papa. Papa kabisa, na ng'ombe yake.»

Kicheko kilianza tena, kikakatika katikati. Kila mmoja wetu aliujua mwandiko ule bila kuuona. Binti yake marehemu alikuwa akikaa juu ya mataruma haya haya, kitabu magotini, akimsahihisha baba yake kila alipotaja ukurasa. Mama Germaine akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Diksionere, mwenye maneno yote mpaka M, alitazama viatu vyake. Papa Edmond alibaki na kidole juu ya karatasi.

Na Bénie, ambaye hakujua chochote, ambaye alikuwa bado anamcheka yule ng'ombe, akauliza:

— Iko muzuri! Nani aliandika?

Lori la mgodi lilipita, likatufunika vumbi, likaenda.

— Mutoto, chukua mukate wako, alisema Mama Germaine kwa upole. Utachelewa ku kazi.

— Nimekosea? Bénie alituangalia mmoja mmoja. Samahani, papa, sikujua...

— Mumuache, alisema Papa Edmond. Ameuliza.

Alivua miwani. Akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena, akamgeukia yeye, si sisi.

— Alipata kazi ya ualimu ku Kasenga. Alitaka kungojea bisi ya Jumatatu. Mi nikasema, juu ya nini kungoja? Kamioni ya Ijumaa iko, dereva minamujua, panda. Njo miye nilimupandisha. Nilimupatia mukono, nikamuinua.

— Papa, si kosa yenu, alisema Elisée kwa sauti ya chini.

— Sijaulizwa kosa ya nani. Nimeulizwa nani aliandika.

Alirudisha kidole kwenye ukurasa, chini ya maneno ya kreyo.

— Miaka sita, ile jina ikifika hapa mu kinywa, minaona kamioni. Minaona tu kamioni. Usiku wa jana nilisoma hii, na minaona yeye, amelala ku mukeka, kreyo mu meno, anacheka juu yangu. Ananicheka! Na mi nikacheka naye.

Diksionere aliangalia saa yake. Ilikuwa imebaki saa moja kabla ya orodha kufungwa, na ofisi ya parokia iko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Papa Edmond alikuwa amekwisha simama, kitabu wazi mkononi, uso umeelekea ng'ambo ya barabara, kwenye mlango ambapo mkewe alikuwa ametoa mikono ndani ya kitenge na kuanza kutembea kuja kwetu.

Alingoja mpaka akaribie vya kutosha kusikia.

— Dorcelle, alisema. Mutoto yetu Dorcelle njo aliandika.