Jamleck Kitavi, Mlinzi wa Msitu Aliyemtoa Mkewe Shambani

Marehemu Jamleck Kitavi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 huko Mwala, Machakos, mtoto wa tatu wa Mzee Kivuva na Mama Nzembi, ambao wote walitangulia. Alisoma shule ya msingi hukohuko hadi darasa la saba. Karo ya sekondari haikupatikana. Hakulalamika, na nani angemsikiliza?

Mwaka 1986 alikuja Nairobi, akauza misumari River Road. Mwaka 1991 serikali ilimwajiri kulinda msitu ulio magharibi mwa jiji, na huko ndiko alikostaafia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache yalikuwa ya kukataza.

Tarehe 4 Desemba 1993 alifunga ndoa na Kasiva. Walipanga nyumba mtaa wa Mountain View, jirani na msitu, Mungu akawapa Mutie na Kavutha.

Mwaka 2012 majirani wa msitu waligawiwa vipande vya kulima katikati ya miche. Walime mahindi, wapalilie miti, na miti ikianza kutia kivuli, waondoke. Kasiva naye alipata chake, na mahindi yake ndiyo yaliyomweka Mutie shuleni. Mwaka wa tatu miche yake ikaanza kunyauka. Kitavi alichimbua mzizi mmoja, akaukuta umeiva kama muhogo. Ulikuwa umemwagiwa maji moto.

"Mama Mutie, hii miti unampikia nani?"

"Watoto wako. Ama watakula kivuli?"

Alimtoa shambani asubuhi hiyohiyo, wanawake wenzake wakitazama. Kasiva alibeba jembe lake, hakugeuka. Wengine walipoona hakumwachia hata mkewe, waliondoka bila kelele muda wao ulipofika. Leo miti imeshikana juu, kijito hakikauki, na kina mama wa mtaa wa Kangemi huokota kuni humo. Lakini Mutie aliacha shule akaenda kubeba simenti. Kasiva alipika, akafua, akanyamaza. Miaka ikapita hivyo.

Kisukari kilimwanza Kitavi mwaka 2019, kikamla figo. Ni Kasiva aliyempeleka kusafishwa damu, ni Kasiva aliyemgeuza kitandani. Jumapili jioni, tarehe 9 Novemba 2025, Kitavi alimuuliza, "Mama Mutie, ulinisamehe?"

"Kunywa uji kwanza."

Alikunywa kidogo, akalala. Hakuamka tena.

Ameacha mjane wake Kasiva, watoto Mutie na Kavutha, dada yake Ndunge, na wajukuu. Kasiva ameomba haya yasomwe kwa sauti, kabla ya udongo: Baba Mutie, jibu lilikuwa ndiyo. Pumzika sasa.