Palipobaki Peupe

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Fundi, mshona nguo, na ukikaa hapo unaona mlango wa nyumba yake ng'ambo ya uchochoro, hatua ishirini tu. Wakaaji wa kila siku ni Fundi mwenyewe, Spika anayetengeneza redio, Bomba wa mabomba ya maji, na Kinyozi, ambaye hajapewa jina la utani kwa sababu kila lililopendekezwa alilikataa kwa hotuba. Mimi hukaa mwisho wa benchi, karibu na birika la kahawa, na husikiliza zaidi ya kusema. Alasiri hiyo Fundi alitoka dukani na karatasi mkononi. Ilikuwa na picha mbili za mtu aliyesimama, moja ya mbele na nyingine ya mgongoni, bila uso wala nguo, kama mchoro wa mtoto aliyekatizwa na kengele ya shule kabla hajamaliza. Aliitandaza juu ya ubao wa kukatia vitambaa, akachomoa penseli nyuma ya sikio.

— Nisaidieni, ndugu zangu. Daktari anaitaka hii kesho saa tatu asubuhi. Tutie kivuli kila mahali panapomwuma mke wangu.

— Shemeji mwenyewe yuko wapi? aliuliza Bomba.

— Amelala. Usiku kucha aligeuka huku na huku, sasa ndiyo kapata usingizi. Alisema ataijaza akiamka. Lakini hata kushika kalamu kunamchosha vidole. Nikaona nimpunguzie kazi.

Sote tulijua habari ya mke wa Fundi kwa vipande vipande. Alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye kiwanda cha dobi, na kwa miaka miwili mwili wake umekuwa ukiuma, leo hapa, kesho pale. Damu ilipimwa mara tatu. Picha za mifupa zikapigwa. Kila mara jibu lilikuja lile lile, kwamba vipimo ni safi.

— Safari hii tumepata daktari mwingine, alisema Fundi. Mama mmoja mpole. Kamsikiliza nusu saa nzima. Kamwuliza usingizi, kamwuliza kama anasahausahau, kamwuliza anaamkaje. Halafu akautaja ugonjwa. Fibromayalgia.

— Fibro nani?

— Fibromayalgia. Nimelifanyia mazoezi njia nzima.

— Hilo si jina la ugonjwa, alisema Kinyozi. Hilo ni jina la golikipa wa kigeni.

— Cheka tu. Lipo kwenye cheti.

— Sasa kama vipimo ni safi, huyo mama kaujuaje? aliuliza Spika, akisogea mbele. Spika hupenda kujua kifaa kinavyofanya kazi kabla ya kukiamini.

— Anasema vile vipimo vilikuwa vya kutafuta magonjwa mengine, na hayakuwepo. Huu wenyewe hauonekani kwenye damu wala kwenye picha. Unajulikana kwa kumsikiliza mgonjwa. Panauma wapi, tangu lini, analalaje. Ndiyo maana ya hii karatasi.

— Na dawa?

— Kidonge kimoja cha jioni. Tena kasema tusikitegemee peke yake. Kubwa ni kulala kwa saa maalumu, na kutembea. Dakika tano kila siku, wiki ijayo saba, hivyo hivyo.

Kinyozi aliweka kikombe chini.

— Mtu anaumwa miguu, unamwambia atembee! Ndiyo maana watu wanasema anajisingizia, Fundi, usinikasirikie. Jumatatu wamemwona anazunguka uchochoro mikono mitupu, Jumanne kitandani.

Fundi hakukasirika. Alizungusha penseli vidoleni.

— Hata mimi nilisema hivyo. Mwezi uliopita aliamka anajisikia vizuri, akafua mapazia yote ya nyumba kwa siku moja, kisha akalala siku tatu. Nikamwambia, juzi si ulikuwa mzima wewe? Daktari anasema ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Siku nzuri usiitumie yote, ibakize. Mimi sikujua. Tangu siku ile haniambii tena chochote. Nikimwuliza hali, anasema, "Nipo." Na ameapa kesho ndiyo mwisho. Wakimrudisha tena kwa lile neno "safi", hakanyagi kliniki.

Nilimmiminia kahawa.

— Basi tusikosee, alisema Bomba, akakunja mikono ya shati.

— Hatukosei. Mwili wake naujua. Bega inchi kumi na tano, kiuno thelathini na mbili, mkono ishirini na mbili. Vipimo vyake vyote ninavyo kichwani.

— Hivyo ni vipimo vya gauni, Fundi.

— Kwani mwili si ule ule?

Bomba akaichukua penseli wa kwanza.

— Sikilizeni. Bomba halivuji katikati. Linavuja kwenye maungio. Kwa hiyo goti, goti, nyonga, nyonga, kiwiko, kiwiko, alisema akitia kivuli huku akihesabu. Damu ya shemeji imeshika kutu. Angekuwa nyumba ningemfungua kisigino, uchafu ukatoka wote.

— Umfungue kisigino mke wa nani?

— Nasema angekuwa nyumba!

— Lete hapa, alisema Kinyozi. Mimi nashika shingo sitini kwa wiki. Shida inaingilia kisogoni. Mtu anapiga pasi kwenye mvuke, anatoka nje, upepo unamkuta kisogo kiko wazi. Upepo ukishaingia, utatokea wapi? Hauna mlango. Unazunguka tu humo ndani. Leo bega, kesho kiuno.

Akakipaka kisogo mpaka karatasi ikang'aa kwa penseli.

Spika alikuwa bado anawaza.

— Mimi nadhani waya ni nzima, alisema polepole. Kuna redio nililetewa mwaka juzi. Spika yake nzima, betri nzima, kila nikipima hakuna kosa. Lakini inapiga kelele hata ukiigusa na unyoya. Mwishowe nikagundua ni kile kitufe cha sauti. Kimekwama juu. Kitu kidogo kikiingia, kinatoka kikubwa.

Fundi alimkazia macho.

— Daktari kasema karibu hivyo hivyo! Kwamba mishipa ya fahamu inapaza maumivu. Yapo kweli, si ya kubuni, ila yanapazwa.

Laiti Spika angeishia hapo. Lakini hajawahi kusifiwa akanyamaza.

— Na redio ikipazwa sana hivyo, inaanza kushika na vituo vya mbali. Bomba, jino lako lilikuuma siku gani?

— Alhamisi.

— Fundi, Alhamisi shemeji hakushika taya?

— Alishika, kweli.

— Basi! Amelinasa jino la Bomba. Mtaa mzima unaumwa, yeye anapokea.

— Yesu na Maria! alisema Kinyozi. Mgongo wangu je?

— Upo humo. Tia kivuli.

Wakatia taya, wakatia mgongo wa Kinyozi, wakawa wanabishana kama kidole gumba cha Spika kilichochomwa na moto wa kulehemu nacho kihesabiwe, ndipo akaja mtu mmoja, mpaka rangi wa nyumba, kuchukua ovaroli yake iliyokuwa inatiwa kiraka. Alikuwa mgeni mtaani, na nywele zake zina madoa ya kijani. Akaitazama ile karatasi juu ya ubao kama anavyotazama ukuta.

— Nani kapaka hii?

— Sisi sote, alisema Bomba kwa fahari. Ni mwili wa mke wa Fundi. Penye kivuli panauma.

Mpaka rangi akainama. Akapitisha kidole juu ya bega la kushoto, juu ya viganja, juu ya nyayo, mahali ambapo penseli haikufika.

— Na hapa palipobaki peupe, aliuliza, ni nani kawaambia hapaumi?

Bomba aliiweka penseli juu ya ubao.

Fundi aliichukua karatasi. Akatafuta ufutio kwenye droo ya cherehani, akaanza kufuta, pole pole, goti, nyonga, kisogo, taya, akipuliza vumbi kila mara, mpaka zile picha mbili zikabaki na ukungu wa kijivu tu. Kisha akavuka uchochoro. Kahawa yake aliiacha haijaguswa.

Dirisha la chumba lilikuwa wazi, nasi hatukuwa watu wa kuziba masikio.

— Umeamka?

— Nipo, ilijibu sauti ya mkewe.

— Sikuulizi kama upo. Nauliza panauma wapi.

Mpaka rangi alikuwa amevaa ovaroli mguu mmoja, akasimama hivyo hivyo.

— Basi keti, ilisema ile sauti. Ni pengi.

Tukasikia kiti kikivutwa.