Matuta ya Mollo Niliyainua Mimi

Ule mshindo wa jembe, puu, puu, mliokuwa mkiusikia usiku wa manane mkajifunika blanketi mkisema baba analima, haukuwa wa baba yenu, wanangu, ulikuwa wangu. Edith, sogea, mshike mdogo wako mkono, Leonsi usilie kwanza, nisikilizeni maana pumzi ni fupi na alfajiri napelekwa stendi ya Sumbawanga kupanda gari la Mbeya, daktari kasema moyo umetanuka, watajaribu, na hilo neno kujaribu ninalielewa, kidato cha nne nilimaliza.

Naogopa. Sitawaficha. Wosia ni kazi ya wazee, mimi hata mvi sina.

Jana mlikuwa nyuma ya mlango, mlimsikia baba yenu mkubwa Urbano kwenye kikao: "Shemeji, kwetu aliyeinua matuta ndiye mwenye shamba. Ya Mollo aliyainua marehemu mdogo wangu Maximilian, basi shamba ni la ukoo. Ukitutoka, Leonsi atakaa kwangu akue nalo. Edith aende Kirando kwa shangazi yake akaanike dagaa, mtoto wa kike ni wa kupita." Wazee wakaitika, "Ndivyo." Nami nikanyamaza, na kule kunyamaza kunaniua kuliko moyo.

Lile shamba la Mollo lilikuwa pori la majani, halikuwa la mtu. Baba yenu kifua kiliharibika tangu akipakia magunia mpakani Kasesya, akipiga jembe kidogo anakohoa mpaka anapiga magoti. Na kwetu kugeuza udongo na kufukia nyasi zioze ndani ya tuta ni kazi ya mume, mke hufuata nyuma na mbegu ya maharage, ndivyo walivyoishi mababu na ndivyo wanaume wanavyopimana hadi leo. Kaka zake wangemcheka mpaka kaburini. Kwa hiyo nililima mimi, kwa mbalamwezi, nina mimba yako Leonsi, na miaka iliyofuata, halafu asubuhi yeye anasimama shambani na jembe begani wapita njia wamwone. "Mwamba huyo!" wanasema. Urbano akimtania, "Utatumalizia pori, bwana, tuachie na sisi!" Naye anacheka, anarudi ndani, anafunga mlango, ananikanda mikono.

Siku zake za mwisho aliniomba nisimvue nguo mbele ya kaka zake. Nikamwapia kwamba jambo hili hawatalisikia kinywani mwangu. Vinywa vyenu havikuapa. Mficha uchi hazai, Edith. Bibi Rosina jirani aliniona nikilima usiku, hajasema hata siku moja. Nisiporudi, wakija kugawana, kamshike mkono msimame mbele ya wazee, useme mama ndiye aliyeinua yale matuta. Usipige kelele, wala usimtukane baba mkubwa, hakujua, sisi ndio tuliomdanganya. Kwa neno lake mwenyewe shamba ni langu, na langu ni lenu wawili, sawa kwa sawa. Msikubali kutenganishwa. Edith, usiache shule kwa dagaa wa mtu. Leonsi, jifunze kusonga ugali, mwanangu, hautakuvunja mkono.

Nipeni maji... Basi. Mungu awatangulie. Mlale mkiwa mmeshiba, mpendane hata mkigombana, na atakayemcheka mwenzake amkumbuke mama.

Bado moja. Hili msilipeleke kwa wazee, hili si la shamba. Mlango ukishafungwa, baba yenu alikuwa akichukua mwiko, anawafunga mgongoni kwa kitenge changu, huyu akitoka anaingia huyu, anapika anaimba kwa sauti ya chini. Siku moja akaniambia, "Hilaria, hapa ndipo ninapopumua." Si kwamba alivumilia, wanangu... alikuwa na raha. Raha ile nje ya chumba hiki haikuwa na... haikuwa na mahali. Nimewapa ninyi. Mwingine yeyote, hata padri, sitamwambia.