Aje au Apumzike

Afisa: Haloo? Nani mwenzangu?

Mama: Mwenzako wa wapi tena. Ni mama yako.

Afisa: Mama? Shikamoo. Hii namba si yako.

Mama: Marahaba. Ni ya fundi cherehani. Yangu tangu jana inaita mpaka inachoka, nikasema labda simu yako siku hizi inachagua watu.

Afisa: Hapana, Mama, nilikuwa kikaoni. Kesho mtihani wa taifa unaanza, ofisi nzima imevurugika. Habari za—

Mama: Ya fundi umeipokea haijaita hata vizuri.

Afisa: [anacheka kidogo] Nilidhani ni dereva. Hamjambo huko? Chiriku hajambo?

Mama: Umemtaja mwenyewe. Mimi sijamtaja.

Afisa: Si mpwa wangu? Nisimuulizie?

Mama: Muulizie, muulizie vizuri. Niko hapa kwa fundi anamshushia pindo la sketi, maana karefuka kama kapandwa kwenye mbolea. Nataka kesho aingie kwenye mtihani anatazamika. Ila jana karudi nyumbani wenzake wakiwa bado darasani, begi mgongoni, mdomo kaufunga. Yule mtoto anayeongea mpaka na kuku. Nikamuuliza una nini, akasema mwalimu kawaambia yeye na wenzake wachache wasije kesho wala kesho kutwa. Waje mtihani ukiisha.

Afisa: Labda hakusikia vizuri. Hawa watoto—

Mama: Na mimi nilidhani hivyo. Nikajitanda nikaenda kwa mwalimu mkuu.

Afisa: Ulikwenda shuleni?

Mama: Mbona umeshtuka?

Afisa: Sijashtuka. Ni mtandao, unakwaruza.

Mama: Hakunitazama usoni. Alikuwa anapanga chaki kwenye boksi, anazitoa, anazipanga tena. Akasema, mama yangu, hilo si langu, limetoka kwa afisa wa kata. Nikaenda kwa afisa wa kata. Naye akasema limetoka juu. Nikamuuliza juu ndiyo wapi, akanyoosha kidole darini.

Afisa: Mama, elimu ina ngazi. Ndiyo mfumo wenyewe. Shule iko chini ya kata, kata iko chini ya wilaya, wilaya chini ya mkoa, mkoa nao—

Mama: Wewe umekaa ngazi gani?

Afisa: Si unajua.

Mama: Niambie. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, nisaidie.

Afisa: Wilaya.

Mama: Ndiyo hiyo iliyo juu ya kata.

Afisa: Ndiyo, Mama.

Mama: Haya, endelea.

Afisa: Mama, usilikuze jambo. Hakuna aliyefukuzwa. Wamepumzishwa tu, mwakani watarudia darasa, watakuwa wamekomaa, watafanya vizu—

Mama: Wamefanywa nini?

Afisa: Watarudia darasa.

Mama: Kabla ya hapo.

Afisa: Nilisema hakuna aliyefukuzwa.

Mama: Wamepumzishwa. Hilo neno umelitoa wapi?

Afisa: Neno tu, Mama. Neno la kawaida.

Mama: Mwalimu mkuu kanipa hilohilo. Wa kata hilohilo. Mimi kwako nimesema wameambiwa wasije. Nimelibana hilo neno chini ya ulimi kusudi nisikutajie, nione kama utakuja na la kwako. Umekuja na lao. Watu watatu neno moja, kama mmeshonewa sare na fundi mmoja.

Afisa: Usinichukulie hivyo, Mama.

Mama: Kwetu anayepumzishwa ni marehemu. Mtoto anakula, anacheka, anaruka kamba, mnampumzisha nini?

Afisa: Naomba upunguze sauti. Hapo kwa fundi kuna watu.

Mama: Cherehani inalia, hawasikii. Wewe mbona unanong'ona?

Afisa: Niko ofisini. Ngoja nifunge mlango. [mlango unafungwa] Sasa... Mama, hapa mbele yangu ukutani kuna ubao. Kila shule ina rangi yake, kwa jinsi watoto walivyofaulu. Kijani, njano, nyekundu. Ya Chiriku mwaka jana ilikuwa nyekundu. Ikirudi nyekundu, mwalimu mkuu anavuliwa cheo, na mimi naitwa mkoani nisimamishwe mbele ya wenzangu kama mwizi wa kuku. Mkoa nao unabanwa na wizara.

Mama: Na wizara inabanwa na nani?

Afisa: Magazeti.

Mama: Gazeti lenyewe huku tunafungia sabuni.

Afisa: Ndivyo kazi ilivyo. Mtoto akifanya mtihani akafeli, anaishusha shule. Asipofanya, haishushi. Basi.

Mama: Asipofanya mnamwitaje? Maana jina lake mlishaliandikisha kwa mtihani, namba yake ya mtihani imebandikwa kwenye dawati. Kaniambia mwenyewe, anaifahamu.

Afisa: Mama, hayo ni ya ofisini.

Mama: Nasubiri.

Afisa: Anaandikwa mgonjwa.

Mama: Ahaa. Chiriku anaumwa.

Afisa: Mama—

Mama: Anaumwa nini? Niambie nikitoka hapa nipitie dukani nimchukulie dawa.

Afisa: Hauandikwi ugonjwa gani.

Mama: Mgonjwa tu, halafu anapumzishwa. Mmemzika kabisa, mmebakiza kuchangishana. Yule binti wa jirani walimpumzisha vilevile, wakasema atarudia. Mpaka leo anapumzika, na mtoto mgongoni. Dada yako yuko ugenini anafua nguo za watu ili huyu wake asome. Akinipigia nimwambieje?

Afisa: [anakohoa] Mwambie... mwambie mfumo...

Mama: Hamjui huyo. Atakuuliza wewe. Na mimi nakuuliza: ulikuwa unajua kwamba Chiriku yumo?

Afisa: Haloo? Mama, mtandao unasumbua. Sikusikii.

Mama: Mtandao uko salama. Nasikia unavyopumua.

Afisa: ...

Mama: Basi. Nimeshajibiwa.

Afisa: Mama, anasoma polepole mno. Mwalimu kaniambia herufi zinamchanganya.

Mama: Zinamchanganya. Wewe ulikuwa unasoma "bata" unaita "data" mpaka ndevu zinachungulia. Mwalimu wako alikuhamishia dawati la mbele, akawa anakuwekea kidole kwenye kila neno. Hakunitumia ujumbe kwamba unaumwa.

Afisa: Zamani hakukuwa na ubao.

Mama: Ungekuwepo, leo nani angekuwa anautazama?

Afisa: Mama, hayo tuyaache.

Mama: Haya, fundi ananionyesha ishara, salio lake linaisha. Mimi kesho nampeleka shuleni.

Afisa: Mama, kesho usije. Nakuomba. Kesho mimi mwenyewe niko pale pale shuleni, na mgeni kutoka mkoani. Tunakagua kama—

Mama: Kumbe na wewe utakuwepo.

Afisa: Sikutaka kukwambia.

Mama: Vizuri. Mgeni atamwona mgonjwa wenu anavyokimbia.

Afisa: Unataka nifukuzwe kazi?

Mama: Nataka uniambie neno moja, si la mwalimu mkuu wala la mkoa. La kwako. Ukisema apumzike, sketi naikunja, naiweka kabatini, na dada yako utampigia wewe. Ukisema aje, basi mpigie simu mwalimu mkuu sasa hivi, mtoto asije akarudishwa getini mbele ya wenzake. Aje au apumzike?

Afisa: Mama, hili si jambo la kwenye simu.

Mama: Ndilo la kwenye simu. Uso kwa uso utanidanganya.

Afisa: Ngoja, kuna mtu anagonga— nakuja, nakuja, nipe dakika. Mama, upo?

Mama: Nipo. Simu inaniambia salio halitoshi. Sema.

Afisa: Yule mgeni ni mkali, Mama. Na jina lake kwenye orodha ya wagonjwa nililipitisha kwa mkono wangu, sasa nikigeuka wataniuliza—

Mama: Aje au apumzike?

Afisa: [anashusha pumzi] Mama... mwambie a—

Mama: Haloo?

Mama: A nini? Haloo?

Mama: Fundi, shika simu yako, imekata. Hapana, sketi usiikunje, malizia pindo lake. Mjomba wake amesema aje.