Toba ya Urbanus, Fundi wa Masanduku

"Mama Wanza, kwani mzee wako alianza kunywa lini?"

Rahab, jirani, alimuuliza Kaluki hivyo kwenye foleni ya maji hapa Laini Saba. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amesikia tu kwamba Urbanus ni mgonjwa wa ini.

Wasikilizaji wapendwa, Bwana asifiwe, na ndugu zetu Waislamu, salamu aleikum. Leo tunamkumbuka Urbanus Munyao, bwanake Kaluki, babake Wanza, fundi wa masanduku ya bati. Ametuacha akiwa na miaka hamsini na moja. Nalisema mapema, mlishike: Urbanus hakunywa pombe. Hata siku moja.

Watoto wengi wa Kibera wameenda bweni na sanduku lake. Alikaa kwenye stuli toka asubuhi akigonga bati. Saa nne soda na nusu mkate. Saa nane soda tena, na chapati tatu. Mwili ukaja, tumbo likaja, na sisi tukamsifu. Tukasema Mungu amemkumbuka. Kisha ikaja sukari, akawa mtu wa kliniki, siku yake Alhamisi.

Mwaka jana daktari wa kliniki akampima, akamwambia ini limejaa mafuta. Akamweleza kwamba ugonjwa huu huwapata hata wasioonja pombe, hasa mwenye mwili mzito au sukari. Mara nyingi hauumi. Mafuta huleta uvimbe, uvimbe huleta makovu, na ini likishajaa makovu kazi yake inakwisha. Lako limeanza makovu, akamwambia, lakini bado kuna njia. Aache soda, apunguze mwili, atembee, asikose kliniki.

Aliacha soda, wasikilizaji. Kila jioni alitembea hadi Sarang'ombe na kurudi.

Ila neno ini lilikuwa limeshafika kanisani. Wazee wakamwita. Akawaeleza habari ya mafuta. Mzee Timothy, ambaye ndiye kiongozi wao, akamjibu, "Urbanus, mafuta huingia kwa sufuria. Kwa ini huingia pombe. Usitucheze."

Akatolewa kwaya. Akazuiwa meza ya Bwana. Miezi saba alikaa benchi la nyuma. Mimi nasali hapo hapo. Siku wazee walipotangaza, watu walisema amina. Nami nilisema.

Jumapili moja akasimama mbele ya kanisa, akatubu kwamba alikuwa akinywa kwa siri. Nyumbani Kaluki akamuuliza mbona amejisingizia.

"Nimechoka kukaa nyuma kama mtu amekuja kuiba," akamwambia. "Wakitaka niwe mlevi, wacha niwe, bora nishiriki meza na wenzangu."

Wazee wakafurahi. Wakampa sharti moja. Ahudhurie kikundi cha walevi wanaojaribu kuacha, kule Kawangware, na kadi yake itiwe sahihi kila wiki. Kikundi hukutana Alhamisi. Alhamisi ni ya kliniki. Urbanus akachagua kadi.

Kule kila mtu husimama aeleze alivyoanguka. Yeye hakuwa na la kueleza. Akirudi, Kaluki alikuwa akimuuliza amesema nini. "Nimetunga. Leo nimesema nililala kwa mtaro." Kaluki anasema walicheka wote wawili, wakacheka mpaka Urbanus akaanza kulia. Na ushuhuda ukiisha, kikundi huwapa watu soda na mandazi. Alikunywa, asionekane ana maringo.

Mwezi wa tano mwaka huu tumbo likafura, na safari hii yalikuwa maji. Macho yakawa manjano. Akatapika damu. Hospitalini daktari alimuuliza Kaluki jambo moja tu, mbona mzee alipotea kliniki. Siku ya tatu Urbanus akatutoka.

Wasikilizaji wapendwa, narudia. Ini hujaa mafuta bila tone la pombe. Ugonjwa huo huandamana na ule wa moyo. Una sukari, una tumbo kubwa, omba upimwe. Ukijua mapema, bado kuna njia. Na ukisikia mwenzako anaugua ini, usimhukumu. Muulize kama ana mtu wa kumsindikiza kliniki.

Kaluki, Wanza, poleni sana. Mimi nami nilizika mume, kwa hivyo sitawaambia kwamba itapoa. Naomba kila siku, na bado sijaona mwanga.

Kaluki ameomba kitu kimoja. Ile toba ifutwe kwenye kitabu cha kanisa, Urbanus asibaki mlevi hata kaburini.

Mzee Timothy tuko naye hapa studioni. Amekuja kutoa rambirambi za kanisa. Barua ya daktari, inayosema ini liliharibiwa na mafuta wala si pombe, iko mbele yake, na nimemsomea yote kabla hatujaanza.

Mzee, mtaifuta?

Mzee Timothy?

Wasikilizaji, mzee amevua vile vya masikioni. Amechukua kofia yake. Ametoka.