Yule Aliyekuja Mlango Ukiwa Umefungwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kila mwenye pumzi kifuani. Nina sababu ya kuanza na pumzi, na mtaielewa.

Wengi wenu mnanifahamu. Mimi ni fundi viatu hapa Ngara mjini, chumba changu kipo kwenye mteremko kati ya stendi na soko. Upande mmoja natengeneza viatu vilivyochoka. Upande wa pili, kwenye rafu, nauza viatu vipya vya kiume vya ngozi halisi, vya kanisani, harusini na ofisini. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua viatu vibovu na kuvishona upya mpaka nikaelewa kila tabaka lina kazi gani. Lakini rafu ile haikuwa wazo langu. Ilikuwa ya marehemu mke wangu, Veneranda, mzaliwa wa Bisibo kule Biharamulo. Alisema mtu anayeleta kiatu kibovu aonyeshwe kizuri akiwa bado amesimama na soksi. Na kweli walinunua.

Mnalijua vumbi letu la kiangazi. Bodaboda moja ikipita, rafu nzima inakuwa nyekundu. Veneranda alikuwa na kitambaa cha pamba, kipande cha shuka la zamani. Alivifuta viatu vile asubuhi na jioni, akivisemesha kwa Kisubi, lugha ya kwao, kama watoto wanaokwenda shule.

Kisha akaugua, na Bwana akamchukua.

Ndugu zangu, sikulia. Nilirudi kazini. Kitambaa chake kilining'inia kwenye msumari, nami sikuthubutu kukigusa. Nikafikiri kwa utaratibu, kama ninavyofikiri mambo yote: kama hakuna wa kufuta vumbi, basi vumbi lisiingie. Nikafunga mlango. Nikafunga dirisha. Nikaziba kwa gunia mwanya wa chini. Mteja akigonga nilimfungulia, akiondoka nilifunga tena. Na humo ndani, juu ya meza yangu, lilikaa kopo la gundi ya soli, mdomo wazi tangu asubuhi.

Veneranda akarudi.

Nasema kama nilivyoona. Kwanza ulikuja utamu puani, kama wa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kisha ukungu, kama ule unaopanda asubuhi kutoka mabondeni, ukajaa chumbani, na mwanga wa balbu ukawa na rangi ya asali. Viatu rafuni vikaanza kupumua polepole, ngozi ikipanda na kushuka. Mbele ya rafu alisimama yeye, na kitenge chake cha kijani, akinipa mgongo. Akageuka, akatabasamu, asiseme neno. Sauti ya nyundo yangu mwenyewe ilinifikia kutoka mbali, kama ya mtu anayejenga ng'ambo ya bonde.

Nilimshukuru Mungu! Niliamini ni maono. Sikumwambia mtu, nikaogopa yasije yakakatika. Nikaanza kuwahi dukani na kuchelewa kutoka. Mishono ikapinda. Chakula kikanishinda, na barabarani nilijikwaa pasipo na jiwe. Hata Jumapili, nikiwa nimekaa katikati yenu, nilitamani ibada iishe nirudi kwenye chumba changu, kwa maana hapa kanisani Veneranda hakuja.

Alasiri moja mvua ilinyesha. Mvua haina vumbi, lakini mlango nilikuwa nimeufunga kwa mazoea. Nilikuwa nimefungua kopo jipya, nabandika soli za jozi kadhaa kwa pamoja. Veneranda akaja karibu kuliko siku zote. Akaninyooshea mkono. Nikajua ananiita, na ndugu zangu, nilitaka kwenda! Nikaketi sakafuni, nikaegemea ukuta, nikafumba macho.

Mungu wetu hachelewi! Siku hiyo alikuwa ameteremka kwenye basi Adela, mdogo wake Veneranda, na mfuko wa maharage kutoka shambani kwake Bisibo. Aligonga, kimya. Akausukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka na misumari yake. Upepo na mvua vikaingia. Akanishika makwapani, akaniburuta hadi barazani.

Nilipopata pumzi, neno langu la kwanza halikuwa asante.

"Umemfukuza!" nikamwambia.

"Nimemfukuza nani, muramu?" Kwao shemeji huitwa hivyo. "Humo mna viatu tu, na wewe umelala katikati yake kama kandambili iliyokatika."

"Veneranda. Huja kila siku."

Aligeuka akachungulia ndani. Maji yalikuwa yakimdondoka kidevuni. "Anakuja humo? Na gundi yote hiyo?"

"Ndiyo."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Anatabasamu."

Adela alicheka huku akilia. "Basi huyo si dada yangu! Dada yangu aingie humo, kopo liko wazi, halafu atabasamu? Angekutoa nje wewe na kopo lako, na stendi nzima ingesikia!"

Mimi ni mtu wa kupima mambo. Nikakaa pale kwenye maji, nikapima. Tangu tuoane, kila alipokanyaga kizingiti kile, neno la kwanza la Veneranda lilikuwa lilelile: "Gundi nje!" Alisema hivyo hata mbele ya wateja. Harufu ile ilimuumiza kichwa, nami nilikuwa nikibeba kopo na kigoda changu hadi barazani, nikinung'unika. Yule wa ukunguni hakuwahi kunitoa nje. Alikuwa na sura yake na kitenge chake, lakini ulimi wake hakuwa nao. Alikuwa ametengenezwa na hamu yangu na mvuke wa kopo. Hospitalini daktari aliniambia hivyohivyo kwa maneno ya kitaalamu, na kwamba Adela angechelewa kidogo, mngekuwa mmenizika.

Lakini kuacha mlango wazi kulikuwa kumpoteza mara ya pili. Adela alilijua hilo. Alikaa nami siku kadhaa, kizingitini, akichambua maharage yake ili nisifunge.

"Funga uone," alisema. "Nitahamia hapahapa, na mimi nakoroma."

Nikaomba, nikasema: Bwana, unaniondolea yule anayetabasamu, basi nipe nguvu za kukaa bila yeye. Nikaitazama rafu. Viatu vilikuwa viatu. Hakuna aliyekuja. Adela akarudi kwake, nikaendelea kuomba, na mlango sikuufunga.

Kisha kiangazi kikaingia. Asubuhi moja, ukungu wa kweli ukiwa umelala mabondeni na kilima chetu kikielea juu yake, nilijisahau nikafungua kopo nikiwa ndani. Sijachovya hata brashi, nikaisikia moyoni sauti kali yenye Kisubi ndani yake: Gundi nje!

Hayakuwa maono, ndugu zangu. Ilikuwa kumbukumbu, ile ambayo Mungu humpa kila mtu bure. Nikanyanyuka na kopo na kigoda, nikatoka barazani nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, na katikati ya kicheko machozi ya msiba yakaja, yote. Haleluya! Nilirudishiwa mke wangu mwenyewe, mkali na mpenzi, badala ya yule asiyesema.

Nilipomaliza kulia niliingia ndani, nikakitoa kitambaa kwenye msumari. Nikaanza na jozi ya mwisho aliyoichagua yeye, nyeusi, ya kamba. Siku hiyohiyo niliiuza kwa bwana harusi.

Namshukuru Mungu aliye hai. Namshukuru na shemeji yangu, na bega lake. Na wewe uliyefunga mlango ili usikiguse kitambaa cha mpendwa wako, mwamini Bwana, ufungue. Ataingia. Vumbi nalo litaingia, sikufichi. Asubuhi hii kabla ya kuja hapa nimevifuta viatu vyote, na nikirudi nitavikuta vyekundu.

Nitafuta tena. Amina.